Mwizi ya Kuku na Wenzake Sita

Wazungu wa kwanza kunichekesha katika nchi hii walikuwa wa pembe ya ndovu. Wale wa nyama na damu, nilipofika Brussels, hawakunichekesha hata mmoja. Wote walikuwa wameshika faili. Lakini hawa saba walikaa ndani ya kabati la kioo, katika sebule ya mzee mmoja wa mtaa wa Koekelberg, kila mmoja urefu wa kidole gumba, na siku ya kwanza nilipowafuta vumbi nilicheka mpaka mzee akaita kutoka chumbani kuuliza kama nimeanguka.

Mzee huyo alikuwa daktari wa meno aliyestaafu. Mke wake alikuwa amekufa miaka mingi kabla sijamjua. Mimi nilikuwa msaidizi wa nyumbani, nimetumwa na shirika: asubuhi nne kwa wiki natoka kwangu Berchem na tramu, nafika, namwogesha, namvalisha, napika, naangalia ameze vidonge vyake, halafu naandika yote kwenye daftari linalokaa juu ya meza ya jikoni. Nilimwita papa, kama tunavyomwita mtu wa umri wake kwetu Bukavu. Wiki ya kwanza alinisahihisha, akasema yeye si baba yangu. Wiki ya pili akanyamaza. Wiki ya tatu nikasahau nikamwita Monsieur, akauliza amenikosea nini.

Kuhusu wale saba, alinieleza mwenyewe, siku ambazo maneno yalikuwa bado yanamtii. Zamani Wajapani hawakuwa na mifuko kwenye nguo zao. Mtu akitaka kubeba dawa au tumbaku aliitia ndani ya kijisanduku, akakining'iniza kwa uzi kwenye mshipi, na juu ya mshipi akaufunga uzi kwenye kijisanamu chenye matundu mawili ili usiteleze. Donc, yaani, kizuizi tu. Lakini watu wa mjini wakaanza kushindana nani ana kizuizi cha kuchekesha zaidi, na katika vichekesho vyote vilivyokuwepo wakati ule, Mholanzi hakuwa wa mwisho.

Maana Waholanzi walikuwa wamefika huko kufanya biashara, na Wajapani wakawafungia kwenye kisiwa kidogo bandarini, daraja moja, walinzi mlangoni, hakuna kutoka kwenda mjini bila ruhusa. Papa alinisimulia jambo hili kwa huruma kubwa. Nikamwambia, "Papa, mimi nimekaa miezi kumi na mmoja kwenye kituo cha waomba hifadhi. Hao Waholanzi wako walikuwa na daraja lao peke yao, na bado wanalia?" Akafikiri kidogo, akasema hakuwahi kuliangalia hivyo. Akaendelea kunieleza kwamba kila baada ya muda wakubwa wao walipelekwa mji mkuu kumwinamia mtawala, na kuna wakati waliamriwa waimbe na wacheze mbele yake, na wake zake wakichungulia nyuma ya pazia. Hapo nikaendelea kufuta kioo tu. Kila mwaka commune, serikali ya mtaa, inatuomba sisi akina mama wa Kivu tuje kwenye sikukuu ya majirani na ngoma na beignets, maandazi yetu, na hata pazia hawaweki.

Sasa uwaone wenyewe. Pua kama bamia, wote isipokuwa mmoja. Nywele zimejikunja, kofia pana, koti refu lenye vifungo kuanzia shingoni mpaka magotini, maana Wajapani nguo zao hazikuwa na vifungo, na mtu wa kujifunga namna ile, kifungo baada ya kifungo, walimwona ana ugonjwa fulani. Mmoja amemkumbatia jogoo. Mwingine anapuliza tarumbeta, mashavu yamejaa. Mwingine amebeba kijibwa kwa mapenzi ambayo kwetu unampa mtoto wa dada yako. Papa alisema wengi wa mafundi waliochonga hawa hawakuwahi kumwona Mholanzi hata mmoja. Walisikia habari, walitazama picha iliyochapwa, wakamaliza kazi. Aliposema vile nikamkumbuka tonton, mjomba wangu, aliyekuwa akichonga vinyago vya kuuza mbele ya hoteli kule Bukavu: muzungu amevaa kofia ya jua, amekaa kwenye kiti, amebebwa na watu wanne. Tonton alikuwa na pua moja tu mkononi mwake, aliwagawia wazungu wote ileile. Na wazungu walinunua, wakicheka, kila mmoja akiamini kwamba ni pua ya jirani yake.

Kulikuwa na kitu cha nane, hakikukaa kwenye kabati. Nilikikuta kwenye droo, chini ya bendeji: kijisanduku cheusi kinachong'aa, kimechorwa kwa dhahabu. Mreno mwenye suruali iliyovimba kama mito miwili anatembea kifua mbele, na nyuma yake mtu mweusi amemshikia mwavuli. Nilikipeleka sebuleni. Papa akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Huyu wa nyuma ni nani?" nikamwuliza, ingawa niliona.

"Ni... bon. Ni msaidizi."

"Ah. Basi ni mwenzangu wa kazi."

Maskini papa, alihangaika. Ili kunituliza akaniambia kwamba Wajapani waliwaita Wareno wale Washenzi wa Kusini, kwa sababu meli zao zilitokea kusini. Nikamwomba arudie. Akarudia. Yesu wangu! Bibi yangu aliitwa mshenzi na kila Mbelgiji aliyepita barabarani, na alikufa bila kujua kwamba neno lile lilishawahi kuwapata wazungu wenyewe kwanza. Nilicheka wiki nzima. Nilicheka ndani ya tramu mpaka watu wakahama viti.

Lazima nieleze desturi yetu moja, maana ndiyo iliyoleta mambo yote. Kwetu muzungu alihesabiwa amefika siku alipopewa jina. Jina lake la pasipoti lilikuwa shauri lake. Sisi tulimtazama wiki moja, mbili, anavyotembea, anavyokula, anavyokasirika, na watu wakakubaliana bila mkutano wowote. Masista wa dispensari, mapadri, mwalimu wa hesabu aliyekula ndizi zake amegeuka ukutani: wote walikuwa nalo, na wao tu ndio hawakulijua. Mwalimu yule alikaa kwetu miaka kumi akiitwa Peke Yangu, akarudi Ulaya akiamini tulimwita Professeur. Hatukuona ubaya. Mtu usiyempa jina ni mtu usiyemwangalia.

Basi katika mwaka wangu wa tatu pale, maneno yakaanza kumkimbia papa. Aliweza kueleza kazi ya jino la akili mpaka ukasikia maumivu, lakini kijiko kikawa "kile kitu". Asubuhi moja nikamkuta amesimama mbele ya kabati, yule mwenye jogoo amelala kwenye kiganja chake, na amekunja uso kwa hasira. Vitu vile alivinunua kimojakimoja kwa miaka arobaini. Kila kimoja kilikuwa na kadi yake ndani ya kisanduku, kwa mwandiko wake mwenyewe: Mholanzi mwenye jogoo, pembe, na kadhalika. Na sasa jina halikuja. Machozi yakaanza kumtoka, na mtu akiwa na miaka themanini na nne analia kwa ajili ya jogoo, utafanya nini?

"Papa," nikasema, "usijisumbue. Huyu kwetu tungemwita Mwizi ya Kuku. Angalia alivyomkumbatia. Mwenye kuku yuko nyuma anakuja."

Akanitazama. Akamtazama Mholanzi. Akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Krismasi. Kesho yake nilipoingia, kabla hata ya bonjour, akaniambia, "Mwizi ya Kuku amelala vizuri."

Basi mimi kichwa kikanivimba. Wiki hiyo tukambatiza wa tarumbeta: Makelele. Wa mbwa akawa Papa Imbwa. Mmoja mnene akawa Tumbo Mbele, mwingine mwenye darubini Naona Mbali, na mwenye vifungo vingi kuliko wote akaitwa Vifungo, hatukutafuta mbali. Wa saba alikuwa amewahi kuanguka zamani na pua yake ilivunjika, imebaki bapa. Huyo nilimwita Mwenzetu. Papa alikuwa anayarudia huku namnyoa, na mimi nikijisifu moyoni kama mwalimu wa darasa la kwanza siku ya mkaguzi. Sikuona kwamba kila jina langu lililoingia lilikuwa linalisukuma nje lile la kwenye kadi. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Huu wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Papa alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee, aliyekaa nje ya mji na kuja Jumatano na Jumapili. Aliingia akitazama saa, alimbusu baba yake akitazama saa, na akiulizwa kama atakunywa kahawa aliiuliza saa kwanza. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa na kazi, alikuwa na watoto, na alikuwa na hofu. Baada ya Pasaka baba yake alionekana kwenye kituo cha tramu amevaa ndara na pajama, anawauliza watu kliniki yake imehamia wapi. Tangu siku hiyo binti alikuwa na fomu ya nyumba ya wazee iliyoko Laeken ndani ya mkoba wake. Chumba kilikuwa kimepatikana. Kilichobaki ni tathmini: mtaalamu aje nyumbani, ampime papa akili, aseme kama anaweza kubaki kwake.

"Mimi hapa nitatoka nimebebwa," papa aliniambia. Alisema akiwa dirishani, anatazama lile kuba la kijani la basilika ambalo alikuwa anasema kila siku kwamba ni baya, na amelitazama miaka hamsini bila kuhama. Na mimi nilitaka abaki. Nilimpenda yule mzee. Naliandika hapa kwa sababu kwenye daftari la jikoni hakuna safu ya jambo hilo; kuna kula, kulala na choo.

Siku ya tathmini nilimvalisha tai. Tulikuwa tumefanya mazoezi wiki nzima: siku gani leo, mwezi gani, mwaka gani, ghorofa ya ngapi. Waziri mkuu tulimwacha, maana katika nchi hii hata walio wazima kuna miezi hawana hakika kama yupo. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye sauti ile wanayowasemesha nayo watoto na wagonjwa na sisi. Binti alikaa kwenye kochi, mkoba magotini. Papa akajibu siku, akakosa mwezi, akapata mwaka. Akachora saa ya ukutani, mishale ikaenda inakotaka. Mtaalamu akawa anaandika, na kwa uso wake nikaona mizani haijaegemea upande wowote.

Ndipo akasema, kwa wema kabisa, "Tuongee kidogo kuhusu kitu unachokipenda."

"Mkusanyo wake," binti akasema. "Anaujua kuliko jina lake. Kama bado anaujua, hii fomu naichana mimi mwenyewe, sasa hivi." Akainuka, akaleta kisanduku cha kadi, akamkabidhi mtaalamu. Halafu akafungua kabati.

Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya kahawa. Nikajua kitakachotokea kabla hakijatokea, nikasogea na trei yangu mpaka nyuma ya mtaalamu.

Mtaalamu akamtoa yule mwenye jogoo, akamweka kwenye kiganja cha papa. "Huyu ni nani?"

Papa akatabasamu. Hakusita hata kidogo. "Mwizi ya Kuku," akasema.

"Pardon?"

"Mwizi ya Kuku." Polepole, kama unavyomsaidia mtu asiyesikia vizuri. Akamchukua mwingine mwenyewe. "Tumbo Mbele. Na huyu, Makelele."

Binti akafunika mdomo kwa mkono. "Mungu wangu," akasema. "Anabuni maneno." Machozi yakamtoka, ya kweli, na mkono mwingine ukaenda kwenye mkoba ilipo fomu. Mtaalamu akaanza kuandika. Nilisimama karibu naye, nikasoma: maneno yasiyo na maana. Na papa alikuwa ameketi katikati yao na tai yake, amefurahi, anawatazama kwa zamu, anangoja apongezwe.

Niliogopa. Shirika lilikuwa limenionya mara moja, niliposema nimempikia papa sombe, majani ya muhogo, akaomba tena: tusibadilishe mazoea ya mteja. Nikikaa kimya, nani atajua? Ataenda Laeken, mimi nitapewa mzee mwingine, mwisho. Nikaweka trei chini.

"Madame," nikasema, "hayo si maneno ya wazimu. Ni Kiswahili."

Mtaalamu akamtazama papa upya. "Anasema Kiswahili?"

"Hapana. Anajua majina saba tu. Nimempa mimi."

"Umemfundisha baba yangu matusi?" binti akauliza.

"Si matusi, madame." Nikafikiri. "Bon. Ni matusi kidogo. Lakini ni kwa Waholanzi."

Mtaalamu akaniomba niende jikoni niandike majina yote saba na maana zake, bila papa kuona. Niliyaandika kwenye ukurasa wa lile daftari, chini ya mstari wa choo: kawaida. Niliporudi alikuwa amewapanga wote mezani bila mpangilio. Akawa anamgusa mmoja, papa anajibu, yeye anatazama karatasi. Naona Mbali, sawa. Papa Imbwa, sawa. Mwizi, Makelele, Vifungo, Tumbo Mbele, sawa, sawa, sawa, sawa. Ee Mungu, nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili. Akafika wa saba. Papa akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akamgeuza. Kidole chake kikapita kwenye pua iliyovunjika, halafu kikaja kwenye pua yake mwenyewe, kikakaa pale. Nilitamani kumnong'oneza. Nilijiuma ulimi.

"Mwenzetu," akasema.

Mtaalamu akamwuliza anaitwa hivyo kwa nini. Papa akaeleza mwenyewe, kwa Kifaransa chake kizuri cha kliniki, kwamba bwana huyu alipovunjika pua ndipo alipoanza kufanana na watu. Mtaalamu alijitahidi asicheke. Akaandika mstari mrefu, akasema kwamba kujifunza mambo mapya saba katika umri huu, na kuyashika pamoja na sababu zake, ni dalili nzuri sana.

Tungeishia hapo, tungekuwa washindi. Lakini papa alikuwa ameonja sifa. Akainua kidole akamwelekeza binti yake. "Na huyu pia analo," akasema. "Mama Saa!"

"Maana yake?" mtaalamu akaniuliza, kalamu tayari.

Ala! Mimi? Nikatazama zulia. Nikatafsiri. Binti wakati huo alikuwa amekunja mkono, macho kwenye saa. Akaushusha mkono polepole, akavuta sweta mpaka kwenye vidole. Halafu akatoa fomu kwenye mkoba akaichana vipande vinne, kama alivyoahidi. Ahadi ni deni, na yule mama alikuwa mtu wa kulipa.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu: papa abaki nyumbani, aongezewe saa za msaada. Binti alinipigia simu mwenyewe, akanishukuru mara tatu. Aliniambia bila mimi baba yake angekuwa Laeken. Nilimwambia dada yangu yote hayo kwenye simu, naye dada, aliyezoea nchi hii kuliko mimi, akaniuliza, "Beko nakushukuru sana hivi? Weye chunga." Yaani, wakikushukuru mno hivyo, jihadhari.

Siku mbili baadaye akanipigia msimamizi wa shirika. Familia inashukuru mno. Familia inaomba mabadiliko. Papa anahitaji, alikuwa anasoma mahali, mazingira thabiti na msaidizi atakayeimarisha lugha yake mwenyewe. Nikauliza lugha yake mwenyewe ni ipi, kwa sababu papa alizaliwa katika Kiflandri, na akishikwa na homa alikuwa anamwita mama yake kwa Kiflandri. Msimamizi akasema ataliangalia hilo. Msaidizi mpya, akaniambia, ni Mreno.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilikasirika nikipika, nikasali nikiwa nimekasirika, nikamweleza Mungu kwa urefu ambao hata Yeye angetazama saa. Lakini nilikuwa nimepewa Ijumaa moja ya kumwonyesha mwenzangu kazi, nikaenda. Sharti lilikuwa moja: tusimwambie mteja kwamba ninaondoka, asije akafadhaika.

Mreno yule alikuwa mama mzuri, mikono imara, mchekeshaji. Nilimwonyesha vidonge, nilimwonyesha kahawa inavyotakiwa iwe, nilimwonyesha shavu la kushoto linalotaka wembe uende taratibu. Alipofuta vumbi kwenye droo akakutana na kijisanduku cheusi. Akakitazama kwa muda.

"Hawa ni sisi?" akauliza.

"Huyo wa suruali ni wewe," nikamwambia. "Mwenye mwavuli ni mimi."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega, washenzi wawili wa kusini katika jiko la Mbelgiji.

Halafu nikamkalisha mbele ya kabati nikamfundisha majina yote saba. Ilibidi. Baada ya miezi sita tathmini itarudi, na papa hana majina mengine; yale ya kwenye kadi hayakurudi tena, na asiyejua Kiswahili atamwandika kichaa. Alivyokuwa anajitahidi, maskini! Aliyaandika kwenye simu yake kwa herufi za Kireno. Papa alikuwa kwenye kiti chake anasikiliza, anamrekebisha kwa ukali. "Mwi-zi," alikuwa anasema. "Mwi-zi. Tena." Familia ilikuwa imetaka lugha iimarishwe, basi ikaimarishwa.

Saa yangu ikaisha. Nilivaa koti, nikazungusha skafu mara nyingi kuliko inavyohitaji. Papa akainuka, akashika ukuta, akanisindikiza mpaka mlangoni. Hakuwa amefanya hivyo hata siku moja katika miaka mitatu. Akaniuliza, "Jumatatu utakuja?"

Nimesema uongo mwingi katika kazi hii. Nimesema supu ni ileile ya mke wake, nimesema mvua imekatika, nimesema kliniki imefungwa leo kwa sababu ni sikukuu. Yote ulimi uliyasema bila taabu. Huu niliusema macho yakiwa kwenye vifungo vya koti langu.

"Ndiyo, papa," nikasema. "Jumatatu."

"Bon." Akageuka akahakikisha Mreno yuko jikoni, akainama karibu na sikio langu. "Maana huyu mpya bado hana jina. Jumatatu tutamtafutia."

Nikashuka ngazi za ghorofa zote nne. Nilipofika barabarani nilikuwa nimeshampatia jina, jina zuri kabisa, la kumchekesha papa mpaka jioni, na sikuwa na mtu wa kumwambia.